Gia ya Pili, Gia ya Tatu na Profesa

Umma wote, simameni wima! Kwa heshima na taadhima natangaza anguko la mtu mkubwa, tukio litakalowaliza wanahistoria hadi karne ijayo.

Sasa kaeni. Ni habari ya gia mbili za gari kuukuu, na tapeli aliyejiita Profesa ingawa shule aliitoroka kabla ya kufika hesabu za kugawanya.

Jumatatu asubuhi Profesa alikuwa akijipitia zake alipoona, nyuma ya lango lililo wazi, mzee amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kapakata giaboksi kama mtoto mchanga. Alikuwa Mzee Mizani, mkaguzi mstaafu wa mizani za madukani. Maisha yake yote aliwakamata wauza sukari waliopunja. Muuza maneno hakuwahi kumkamata hata mmoja.

"Shikamoo mzee. Mgonjwa anasumbuliwa na nini?"

"Marahaba. Gia ya pili imeng'oka meno, na gari hili liliacha kutengenezwa zamani. Mke wangu ameapa, lisipotembea kufikia Jumamosi ya wiki ijayo anamwita mnunuzi wa chuma chakavu, hapa anajenga banda la kuku."

"Usihangaike. Nina watu wangu ng'ambo. Nipe gia ya tatu."

"Kijana, mbovu ni ya pili."

"Mzee wangu, gia ni ndugu. Nisipopeleka ya tatu iwe sampuli, watakuletea ya pili ya ukoo mwingine. Zitagombana humo ndani."

Upuuzi ukisemwa kwa sauti nzito hugeuka elimu. Mzee akaitoa gia.

Mitaa mitatu kutoka hapo aliishi Daktari, mng'oa meno mstaafu, mwenye gari kama lile lile. Lake lilikuwa limekufa gia ya tatu. Daktari ni kaka wa mke wa Mzee Mizani, lakini mashemeji hao walikuwa na miaka kumi na mmoja hawasemeshani, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyemwiga kununua gari. Ugomvi huo ndio uliokuwa mtaji wa Profesa. Alimuuzia Daktari gia ya tatu ya Mizani, akachukua gia yake ya pili eti sampuli, akaenda kumuuzia Mizani. Kila mzee akapata moja na kukosa moja. "Sampuli imekwama forodhani," alieleza kote kuwili, akaomba sampuli nyingine. Ikawa gia zinatembea mjini kuliko magari yenyewe.

Kila mara alizileta zimeviringishwa kwenye karatasi ya nta, na onyo: "Usifungue ovyo. Hewa ikiingia, grisi ya kiwandani inachacha."

Alhamisi ya wiki ya pili alimpelekea Daktari gia ya pili "iliyoshuka na ndege jana". Daktari aliifungua, akaichungulia kwa kile kioo kidogo cha kutazamia kinywa. Katika kazi yake alisahau nyuso nyingi, lakini jino hakuwahi kusahau. Hii ilikuwa gia yake mwenyewe! Na mtu mwingine mwenye gari la namna hiyo alikuwa mmoja tu.

"Nzuri sana," akasema. "Kaa nayo, kesho niletee na ya tatu."

Profesa alipotoka tu, Daktari akampigia simu dada yake.

"Gari la mumeo vipi?"

"Keshokutwa linaondoka kwa mkokoteni, kaka."

"Thubutu! Likiondoka hilo, mimi nitashindana na nani?"

Ijumaa Profesa alikuta sebuleni sanduku la mbao lililopigwa misumari.

"Giaboksi nzima," Daktari alinong'ona. "Mgonjwa wangu wa zamani kaniachia. Mimi nataka gia mbili tu. Niachie hizo, unirudishie na pesa zangu, sanduku ni lako."

Kichwani mwake Profesa alishamwona Mzee Mizani akiuza hadi mabati ya nyumba ili alinunue. "Nichungulie kidogo?"

"Hewa, Profesa. Grisi itachacha."

Hakuna kazi ngumu kama kubishana na uongo wako mwenyewe. Profesa alilipa, akajitwika sanduku hadi kona, akabandua ubao mmoja. Taya sitini za plasta, zile za kupimia meno ya bandia, zikamkenulia.

Mchana huo Daktari aliingia kwa Mzee Mizani na gia mbili juu ya sinia la chuma. Hakusalimu. Wakainama wote wawili juu ya giaboksi.

"Dada, mwambie mumeo anipe spana."

"Mke wangu, mwambie kaka yako ipo chini ya pua yake."

Jumamosi asubuhi mkokoteni ulikuwa langoni. Gari likakohoa, likatetemeka, likatoka. Gia ya pili ikaingia. Ya tatu ikaingia. Mwenye mkokoteni ilibidi arukie mtaroni.

Barabarani Daktari akamgeukia dereva.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Langu liko bandani, limefunikwa turubai. Yule tapeli alijuaje kama ninalo?"

Macho yote yakapanda kwenye kioo cha dereva. Humo kiooni alionekana mjukuu wa Mzee Mizani, kiti cha nyuma, amevaa miwani ya jua ya bei mbaya, anasoma kitabu kilichopinduka juu chini.

Basi, nimebanwa. Huyo mjukuu ni mimi, nimefunga shule, na miwani nilipewa na Profesa kwa kumwonyesha nyumba ya Daktari. Na kwa kuwa nimeshaanza kukiri, acha nimalize. Gia ya pili ya Babu haikufa kwa uzee. Niliingiza rivasi gari likienda mbele, uani, Babu akiwa amelala.

"Shemeji," akasema Babu polepole, "tumpe adhabu gani huyu?"

Wakaanza kujadiliana, kwa furaha kubwa, na hadi naandika haya hawajanyamaza.