Farasi Katajwa, Mimi Nimeachwa

Jumanne, 4 Machi
Jana saa nne asubuhi nilipoteza miaka kumi na tisa ya kazi. Menyu mpya zilifika, na nyuma yake historia ya mkahawa wetu. Mama mkwe Saloma alianza na meza nne sebuleni kwake. Kisha, eti, "kazi ikakua." Ikakua! Kama uyoga! Nani aliifikisha meza thelathini na moja? Mimi, Atlee, niliyeingia ukoo huu na kofia na msumeno mmoja. Nani aligundua kuku mmoja hutoa vipande vinane, na mgongo wa supu juu? Jina langu halimo. La farasi aliyekuwa akivuta viazi limo: Dolly! Nimemlalamikia mama mkwe. Akajibu, "Farasi haingiwi na kiburi, mkwe wangu. Wewe je?"

Jumatano, 5 Machi
Nimeandika historia mpya. Jina sikuweka, sisi Waamishi, Wakristo tusioendesha magari wala kuweka simu nyumbani, hatujitukuzi. Nimeandika tu "mkwe mnyenyekevu kuliko wote Ohio." Mistari kumi na mmoja yangu, mmoja wa Saloma. Dolly nje! Nimempa Gary, dereva wetu wa kukodi, aipeleke kwa mchapaji: nakala mia tano. Mke wangu Verna ameuliza mbona napiga mluzi. Nikasema ni baridi.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Shemasi Roman kaja. Kaninong'oneza, akitazama huku na huku, kwamba kesho ana neno nami, faraghani, na nisimwambie mtu. Amejua! Zimebaki wiki tano tu tushiriki Meza ya Bwana. Kabla yake dhambi huungamwa: nitapigishwa magoti mbele ya familia ishirini na sita. Nimekimbilia kibanda cha simu mwisho wa shamba. Mchapaji hapokei.

Ijumaa, 7 Machi
Shemasi amekula vipande viwili vya pai, taratibu, kama ananinyonga kwa uma. Nikafungua kinywa niungame. Akaniwahi: anataka kuku wa wageni mia tatu na ishirini, kila mtu kipande. Binti yake anaolewa, na kwetu uchumba ni siri mpaka utangazwe kanisani. Kuku arobaini tu! Nusura nimbusu ndevu.

Jikoni, Verna akacheka mpaka akakalia gunia la unga. Karatasi yangu alimnyang'anya Gary Jumatano ileile, akawashia jiko. "Imewaka vizuri, baba watoto. Maneno makavu yale." Nimeshukuru Mungu. Nimeosha sahani mia na arobaini bila kuambiwa. Nimekoma kabisa.

Jumamosi, 8 Machi
Usingizi mtamu ajabu. Nimepiga hesabu upya. Kosa lilikuwa karatasi. Mbao je? Herufi tano za jina langu, meza thelathini na moja: herufi mia na hamsini na tano, uvunguni, asikoinama mtu. Kiburi kisichoonekana si kiburi! Nimembandikia Saloma barua kwenye pipa la unga: "Mama mkwe, naruhusiwa kuchonga au siruhusiwi? Sitaki Andiko, sitaki methali. Ndiyo au hapana, kabla ya Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, wateja hawajaingia."