Mnazi Wenye Vichwa Viwili

Jumatatu, 3 Juni

Nimeficha jambo moja tangu ujana wangu. Sasa daktari anasema moyo umechoka, kwa hiyo naliandika mara moja tu, niwe na amani: sijawahi kufika kisiwani.

Basi. Limetoka. Halikuuma kama nilivyodhani.

Kisiwa chenyewe nimekifundisha maisha yangu yote ya kazi. Jiografia, darasa la sita, muhula wa pili. Nilikuwa nakichora ubaoni bila kufungua kitabu, wanafunzi wakipiga makofi. Nikawaeleza mnara wa taa. Nikawaeleza daraja la chuma. Nikawaeleza mnazi wenye vichwa viwili, mbele ya nyumba ya wageni ya rafiki yangu Kipara. Mnara niliuona kwenye kalenda, tena ya kisiwa kingine. Daraja nililitunga siku mkaguzi alipoingia darasani ghafla. Kipara nilimtunga nilipokuwa namchumbia marehemu mke wangu. Wenzangu waliomtaka walikuwa na pikipiki. Mimi sikuwa na kitu, nikawa na kisiwa.

Mnazi sijui ulitoka wapi. Ulikuja wenyewe.

Mke wangu alitamani kwenda huko tangu harusi. Siku moja tulifika mpaka gatini, yeye kavaa kofia yake ya ukili. Boti ilikuwa imejaa. Tukarudi nyumbani. Kofia bado imetundikwa nyuma ya mlango, yeye hayupo.

Sina jingine la kuungama.

Jumatano, 5 Juni

Balaa!

Binti yangu kaja na habari njema. Huyu nyumbani tunamwita Meneja, maana hata sisimizi wakipita jikoni atawapanga mstari. Amechukua likizo. Wiki ijayo ananipeleka kisiwani. Eti nikakiage.

Nikamwambia nimeshakiona, kinatosha. Akasema yeye hajakiona. Tena anataka kuugusa ule mnazi. Halafu akaitazama kofia nyuma ya mlango, akasema taratibu kwamba mama naye atakwenda, safari hii boti isijae.

Nikatafuta jibu. Nikapata kikohozi.

Shemeji anakuja pia. Huyu ni kaka wa marehemu, fundi cherehani mstaafu, anakaa chumba cha uani. Tangu siku ya harusi ananitania kwamba nilimchukua dada yake kwa hadithi. Leo kaniuliza, uso mkavu, ukishuka kwenye boti mnara unakuwa kulia au kushoto. Nikasema inategemea umegeukia wapi.

"Mwalimu," akasema, "mwanafunzi akikujibu hivyo ulikuwa unampa ngapi?"

Jumamosi, 8 Juni

Mbinu ya kwanza: ugonjwa. Nililala chali tangu asubuhi, nikigumia. Nilikataa uji. Nilikataa hata redio. Meneja akamwita daktari. Safi kabisa! Mtu wa sayansi angekataza safari.

Daktari alinipima, akamvuta Meneja barazani. Wanadhani sisikii. Akamwambia ampeleke mzee, tena asicheleweshe.

Daktari huyu amenikataza chumvi. Amenikataza ngazi, kahawa na hasira. Leo, kwa mara ya kwanza, ameniruhusu kitu. Nilijua maana yake. Nikaacha kugumia.

Meneja aliporudi chumbani macho yalikuwa mekundu. Akasema ni moshi wa jikoni. Tunapikia gesi.

Jumatatu, 10 Juni

Mbinu ya pili: kitambulisho. Bila kitambulisho hupandi boti. Nikakifukia kwenye debe la mchele, chini kabisa. Mpango usio na tundu.

Mchana Meneja akaamua kumwaga mchele wote kwenye ungo, auchambue kabla ya safari. Huyu mtoto! Kitambulisho kikaanguka mbele yetu, uso wangu juu, unacheka.

Hakunigombeza. Hilo ndilo liliniuma. Alikipangusa kwa kanga yake, akamnong'oneza mjomba wake kwamba Baba ameanza kusahau.

"Mwalimu hasahau," shemeji akasema. "Mwalimu hata visivyokuwepo anavikumbuka."

Jumatano, 12 Juni

Meneja hafanyi kitu bila kuhakikisha. Ameipigia simu nyumba ya wageni ya kisiwani, sauti nje, wote tukisikiliza. Nilikaa nikisubiri kiama.

Akauliza kama kuna mtu anamjua mzee mmoja aliyeitwa Kipara. Mwenye nyumba hakusita. Kipara alikuwa baba yake!

Nikashika kiti.

Mnara wa taa? Ulikuwepo, ukabomolewa. Daraja la chuma? Lilisombwa na maji. Mnazi wenye vichwa viwili? Nikafumba macho. Kisha sauti ikasema kwa majonzi kwamba mnazi ulianguka, ila kisiki chake kipo.

Meneja akapiga makofi kama alivyopiga darasani kwangu akiwa na miaka kumi na miwili. Shemeji alinitazama kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana mashaka na mashaka yake.

Mtu mwenye vyumba vitupu hamkatalii mgeni. Najua. Lakini nakiri kwamba kwa dakika nzima nilijiuliza: au nilifika?

Ijumaa, 14 Juni

Gati ni lile lile. Hata benchi la saruji ni lile lile. Meneja aliniambia nikae nipumzike wakati anakata tiketi. Nikasema nitasimama. Nikauegemea mkongojo, nikasimama. Shemeji akakaa peke yake.

Baharini nilitapika kabla hatujapoteza nchi kavu machoni. Shemeji alinishikia mfuko.

"Pole, shem," akasema. "Bahari imekukumbuka."

Tulipofika nilianza kazi. Kila Meneja alipouliza kitu, nikatikisa kichwa kwa uchungu. Wamepabadilisha! Hapa palikuwa na njia. Pale palikuwa na mti. Watu hawa hawana adabu na historia! Wapita njia walinipisha kwa heshima.

Mwenye nyumba ya wageni alitungoja mlangoni. Mnene, mchangamfu, nywele tele kichwani. Akanipa shikamoo mbili. Akanikumbatia. Akasema baba yake alikufa na jina langu mdomoni. Kisha akatupeleka nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo, akatuonyesha kisiki.

Nilikigusa. Niliona uchungu, sisemi uongo. Nimeutunga mnazi kwa kinywa changu, na watu wameshaukata bila kuniuliza.

Alasiri, Meneja na mjomba wake walipoenda ufukweni, mwenye nyumba alinisogelea kibarazani. Akatazama huku na huku.

"Mzee wangu, nisaidie," akanong'ona. "Ule mnara tuseme ulikuwa upande gani? Binti yako anauliza maswali kama polisi."

Tukakubaliana kaskazini. Mnara ulikuwa mweupe. Daraja tukalipa nguzo sita. Nikamwuliza kama baba yake hasa alikuwa na kipara. Akasema baba yake yuko hai, anaishi bara, ana nywele nyingi kuliko yeye. Biashara imelala, mzee, afanyeje?

Tukapeana mikono. Muda mrefu sijapata mwenzangu katika fani.

Jumamosi, 15 Juni

Siku mbaya.

Asubuhi Meneja aliweka viti vinne kibarazani, vinatazama bahari. Changu. Cha mjomba. Chake. Cha nne akakiwekea kofia ya mama yake. Upepo ulikuwa unautikisa utepe wake wa buluu, alioushona shemeji kwa mkono wake. Nilitamani kukaa hivyo mpaka mwisho, bila maneno. Nadhani ningeweza.

Mwenye nyumba akatoka na chai. Akaiona kofia. Na mtu akishazoea kutia chumvi, mkono hausimami. Akaweka sinia chini, akajishika kifua. Kofia hii! Baba alikuwa akimsimulia mama mmoja mwenye kofia ya utepe wa buluu! Alikuja na Mwalimu! Mama mcheshi!

Nilimkonyeza. Nilikohoa. Nilimkanyaga. Akaongeza kwamba mama huyo aliukumbatia mnazi.

Meneja akageuka polepole. "Baba. Mama alifika?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema kweli. Nilipaona wazi kama mlango. Lakini nilimwona na yeye. Miaka minne huyu mtoto anabeba kitu kimoja, kwamba mama yake alifariki bila kupata kitu pekee alichowahi kukiomba. Na uso wake wote ulikuwa unasubiri.

"Alifika," nikasema. "Siku ile ile. Tuliwaambia boti ilijaa. Boti haikuwa imejaa. Tulikuja asubuhi, tukarudi jioni. Mama yako alitaka iwe siri yetu."

Akapiga magoti mbele ya kofia, akalia kwa sauti, akicheka ndani ya kilio. Mama we! Mama alifika! Akamgeukia mjomba wake, akamwuliza kama alijua.

Shemeji alikuwa amekishika kikombe bila kunywa. Jioni ya siku ile ya gatini dada yake alipitia dukani kwake kabla ya kurudi nyumbani. Sote tunajua hilo. Nikangoja anivue nguo mbele ya mwanangu.

"Nilijua, mwanangu," akamwambia. "Viatu vyake vilikuwa na mchanga."

Kisha akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Jumapili, 16 Juni

Tumerudi. Botini Meneja alikaa mbele, kofia kichwani, anapigia simu wadogo zake mmoja mmoja kuwapa habari.

Nilitapika. Shemeji akanishikia mfuko. Nikangoja neno lake. Nikamwambia mwenyewe kwamba bahari imenikumbuka tena. Aliukunja mfuko, akatazama maji.

Baadaye nikamwuliza kwa nini alisema habari ya mchanga.

"Kwa ajili ya mtoto," akajibu.

Nikamshukuru. Akasema nisimshukuru. Akasema jioni ile dada yake alikaa kwenye mashine yake ya kushonea, akavua kofia, akamwambia boti iliondoka viti vya nyuma vikiwa vitupu. Aliviona kutoka benchini. Akamwomba asiniulize kamwe, maana mumewe, alisema, angeaibika.

"Macho alikuwa nayo, Mwalimu."

Miaka yote ile! Vichekesho vyote vile, na hakuniuliza.

Nikamwambia kwamba marehemu hakuwa akiona vizuri mbali. Ndiyo, nilisema hivyo. Alihamia kiti kingine.

Jumanne, 18 Juni

Kifua kizito. Kalamu inateleza.

Shemeji analeta uji, anauliza kama nimekunywa dawa, anaondoka. Ananiita "Mzee". Ananiamkia kama mtu wa mtaani. Leo nilimwambia kwa makusudi kwamba suruali aliyonishonea harusini ilikuwa fupi. Akasema pole.

Meneja ametundika picha ya kisiki sebuleni. Chini ya picha ameitundika kofia. Wageni wanakuja, anawasimulia. Anataka nimwongezee. Mama alivua viatu? Alivua. Alikula nini? Samaki. Alisema nini alipouona mnazi? Nikasema alisema, "Kumbe ni kweli." Meneja akalala kifuani kwangu, upande usiouma.

Muuguzi wa sindano naye kaiona picha. Kijana mwema. Akaniuliza kama nimetembea sehemu nyingine. Nilikuwa na nia ya kusema hapana. Mungu shahidi, neno lilikuwa ulimini. Nikajikuta naueleza mlima, theluji yake, na rafiki yangu mmoja wa huko mwenye kibanda. Amesema akipata likizo atapenda kunisindikiza. Lazima nimwambie kibanda kiliungua. Nitafikiria kesho, nikiamka.

Ila hili niliandike kabla ya kesho.

Siku ile gatini nilimwacha mke wangu benchini, nikaenda dirisha la tiketi peke yangu. Mkata tiketi akauliza wangapi. Nikawaza tutashuka, atauliza Kipara yuko wapi, na mnazi uko wapi, na jioni atakuwa mke wa mtu mwingine kabisa. Nikasema naulizia saa tu. Nikarudi benchini. Alikuwa ameshavua viatu, amevishika mkononi, tayari kwa mchanga. Nikamwambia imejaa. Akaitazama boti. Akanitazama mimi. Akasema basi, mwakani.

Hakutaka turudi mapema. Tukakaa. Akaniomba nimwonyeshe, kutoka pale, mnazi uko upande gani. Nikanyoosha kidole. Akakifuata kidole changu kwa macho, akasema anauona.

Katika yote niliyomwambia mwanangu kibarazani, moja tu lilikuwa kweli. Boti haikuwa imejaa.