Efrazia Aliyekwenda Kumtoa Esta Maabara

Sogeeni, enyi wa Mogitu na Masakta, nanyi wa Gendabi mliokwisha kukamua! Tueni majembe, zimeni simu, mpate kusikia jinsi Efrazia binti Yoakimu, simba jike wa mashamba ya maharage, ambaye sauti yake iliwahi kumrudisha fahali aliyekata kamba, alivyoitetea ndoa yake dhidi ya neno moja.

Mumewe alikuwa Wilbard, mwalimu wa kemia aliyepangiwa kazi huku kutoka Bukoba, mtu mpole mwenye ila moja tu: alizitaja kemikali kama watu. Asubuhi ya Alhamisi moja Efrazia alikuwa akikoroga uji, akamsikia uani akiongea na simu.

"Esta nimempata jana, kulekule maabara. Ananukia kama ndizi mbivu! Leo saa nne namtoa tena, wanafunzi wamwone."

Ole! Mwiko ukasimama sufuriani. Miaka tisa ya ndoa ya kanisani ikayumba kama mhindi mbele ya upepo wa Hanang. Efrazia hakulia wala hakuuliza. Alimpa mumewe uji wake, akangoja aondoke, kisha akavaa buti za mvua, akakaza kanga kiunoni, akautwaa mwiko ukiwa bado na uji, akashika njia ya shule. Na mbwa wa majirani, waliozoea kumbwekea kila mtu, wakampisha.

Mlangoni mwa maabara alisimama mkuu wa shule, Mama Gaudensia, mtu mzima mwenye mvi; na hata ghadhabu ya vita ina adabu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na mwiko?"

"Namtaka Esta! Hata jua lizame mara tatu, sibanduki hapa mpaka atoke humo anieleze kwa nini ananukia ndizi mbele ya mume wangu!"

Darasa zima likageuka. Wilbard, aliyeshika neli ya kioo, akaja nayo mlangoni.

"Mama Violeth," alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "Esta ni huyu hapa."

"Yuko wapi?"

"Humu ndani ya neli. Si mtu! Ni jina la jamii ya kemikali. Asidi ya siki ikiungana na alkoholi, inazaliwa esta. Harufu ya ndizi mbivu, hata ya nanasi, ni kazi ya esta."

Shujaa akainama, akanusa. Kweli, ndizi. Moyo wake ukashuka mahali pake, na mwingine angeondoka hapo akiona haya. Si Efrazia.

"Kama si mtu," alinguruma, "kwa nini unasema *ananukia*? Silabi moja, Baba Violeth! Kwa silabi moja ningerudi kwa baba yangu na watoto watatu! Sema: esta *inanukia*. Esta *nimeipata*."

"Esta inanukia," alisema mwalimu kwa unyenyekevu. "Nimeipata."

"Na ninyi!"

Wanafunzi arobaini na watatu wakaitikia hadi vioo vikatetemeka, na Mama Gaudensia, bila kutaka, akaitikia pia.

Wilbard akamsindikiza mkewe hadi getini.

"Mchana kuna makande," alisema Efrazia, bila kumtazama.

Mwalimu akafikiri kwanza, kwa uangalifu mkubwa.

"Makande yako," akasema, "*yananukia* vizuri."

Efrazia akacheka. Basi na ijulikane kwa vizazi vyote vya Hanang: Alhamisi ile, saa nne na robo, esta iliondolewa katika hesabu ya wanawake, ikawekwa miongoni mwa vitu, na hadi leo haijathubutu kurudi.