Oveni ya Upepo na Mguu Mfupi wa Meza

Jumatatu, 3 Juni

"Hicho ni kikausha nywele chenye mlango."

Hayo ni maneno ya shemeji, mdogo wa mke wangu, fundi wa kuchomelea mageti, anayeishi kwetu kwa muda tangu mwaka juzi. Aliyatamka mbele ya oveni yangu mpya, hata nailoni haijavuliwa. Nayajibu. Kwanza, kikausha nywele hakina trei. Pili, oveni hii hukaanga kwa upepo wa moto, bila mafuta: kuku, viazi, mkate, chochote. Tatu, shemeji ana upara. Hana mamlaka ya kuzungumzia vikausha nywele.

Mke wangu hakushiriki mjadala. Alitazama rafu yake ya masufuria, ambayo sasa ni rafu ya oveni. Masufuria yako sakafuni. Akatoa hukumu: mama yake anakuja Jumapili. Kama kufikia siku hiyo oveni haijatoa sahani moja ambayo watu wataimaliza bila kubembelezwa, inaondoka. Nilikubali. Nani hukataa ushindi wa bure?

Nimesoma kijitabu cha maelekezo. Hakina hoja. "Usijaze trei." Kwa nini? Ushahidi uko wapi? "Geuza chakula katikati ya mapishi." Nani kasema? Mwandishi hata jina lake hakuweka. Mwoga! Nimekikunja na kukisukuma chini ya mguu mfupi wa meza ya kulia. Hatimaye kina mchango katika jamii.

Jumanne, 4 Juni

Mkate na jibini. Kijitabu kilidai kwamba vitu vyepesi vibanwe visije vikapeperushwa. Vitisho vitupu. Sikubana.

Slesi ilipaa. Ikanasa kwenye waya wa moto huko juu. Jibini ilienda kwenye feni. Moshi! Jirani aligonga kuuliza kama tuko salama. Shemeji akauliza kama mkate umesafiri na pasipoti. Nilimweleza kwamba hata ndege za kwanza zilianguka. Akasema sawa, lakini zile hakuna aliyekuwa anazisubiri na chai.

Jumatano, 5 Juni

Nimebuni nadharia. Upepo lazima ufike chini ya chakula. Basi nikakoroga unga, mayai na ndizi mbivu, nikamimina moja kwa moja juu ya wavu.

Upepo ulifika chini. Unga uliutangulia.

Nimekwangua oveni jioni nzima kwa kijiko. Mke wangu amekula ndizi iliyobaki akiwa amesimama, macho kwenye masufuria yake. Kimya cha aina hii ni propaganda.

Alhamisi, 6 Juni

Meza imeyumba. Supu yote mapajani mwangu! Nimemsema vibaya seremala kwa muda mrefu, ingawa hakuwepo.

Habari njema moja. Shemeji anasoma! Nimemkuta kibarazani na kitabu chembamba, anasogeza midomo kama anayesali. Aliponiona akakikalia. Ni haya ya msomaji mpya, naielewa. Mtu hawezi kukaa nyumba moja nami miaka miwili akabaki gizani. Sikumuuliza anasoma nini. Mche mchanga hauvutwi-vutwi.

Ijumaa, 7 Juni

Mabawa ya kuku. Mengi. Nimeyapanga ghorofa kwa ghorofa hadi mlango ukafungwa kwa goti. Kugeuza? Sikugeuza. Mimi si mtumwa wa kijitabu.

Ghorofa ya juu: mkaa. Ghorofa ya chini: kuku mbichi, mwenye jasho. Nilipendekeza tule ya katikati. Ya katikati ilikuwa bawa moja. Shemeji alilitazama, akasema, "Huyu afadhali angeachwa aruke." Mke wangu alicheka. Damu ni damu, ataegemea upande wa ndugu yake daima.

Bado Jumamosi. Oveni yangu iko hatarini, na nyuma yake heshima yangu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimezungumza na muuza chipsi wa kwenye kona. Nimeagiza za kesho mchana, kwenye mfuko usioonyesha kilichomo. Akaniuliza, "Mzee, hizi ni chipsi tu. Mbona unanong'ona?"

Mpango: nizitie ndani ya oveni, nizungushe kitufe, kengele ilie, nizitoe. Wapo watakaosema ni udanganyifu. Si udanganyifu. Ni mfano wa kufundishia. Unaonyesha oveni ingetoa nini kama ingetendewa haki.

Jumapili, 9 Juni

Mpango ulianza vizuri. Niliingia kwa mlango wa nyuma, mfuko ndani ya koti. Oveni ilikuwa na joto. Nikadhani ni jua la dirishani. Kengele ikalia. Nikaingia sebuleni na sahani mikononi kama bwana harusi.

Mezani kulikuwa na sahani nyingine ya viazi, vya rangi ya dhahabu, vimekatwa vinono. Vya shemeji. Mama mkwe alikuwa ameshamaliza nusu. Akaonja vyangu kimoja, akakirudisha. Akaendelea na vya mwanawe.

Nilisimama. Nikasema kwamba viazi vile vimelowa mafuta ya kikaango, kwamba ni masalia ya utawala wa zamani, na kwamba nitathibitisha. Nikadai karatasi za tishu. Nikabana kiazi cha shemeji kwenye tishu moja, changu kwenye nyingine, nikaziinua juu wote waone.

Tishu ya shemeji: nyeupe. Yangu iliangaza kama kioo cha dirisha.

Mama mkwe akasema, "Mwanangu, vyako vimetoka kuogelea?"

Shemeji akatoa kitu mfukoni mwa shati. Kijitabu changu! Alama ya mguu wa meza bado iko kwenye jalada. Akasema amevipika ndani ya kikausha nywele nilipokuwa nimekwenda kwenye kona, mstari mmoja tu kwenye trei, akavigeuza katikati. Akasema samahani, shemeji, kilikuwa kinakaa bure. Mke wangu alikuwa ameshauona mfuko ndani ya koti. Aliutazama tu, kisha akanitazama mimi.

Sahani ya viazi ikaisha. Ile nyingine haikuguswa tena. Hukumu: oveni inabaki, shemeji ndiye atakayeitumia kupika, mimi nitakaa hatua kadhaa mbali nayo. Na shemeji atachomelea rafu mpya ya masufuria.

Jumatatu, 10 Juni

Tathmini. Nilisema oveni itabaki. Imebaki. Nimeshinda. Viazi vya jana vimethibitisha kila neno langu, hata kama vilipikwa na mpinzani.

Rafu mpya imefungwa ukutani. Kazi safi, imara. Imenikuta kwa wakati, kwani mashine yangu ya kuoka mkate imefika leo na ilihitaji mahali. Masufuria yako sakafuni. Mke wangu bado hajarudi kutoka kazini.

Kijitabu cha mashine hii ni kinene zaidi. "Pima unga kabla ya kuweka." Haya tena! Nimeshakijibu, na meza haijawahi kutulia hivi.

Ninyi mnaoandika vijitabu vya maelekezo: wekeni majina yenu, leteni hoja, au nyamazeni. Na wewe shemeji, unayesoma kila kitu siku hizi: toa mkono kwenye mguu wa meza yangu.