Lalamiko Kuhusu Meza ya Pasi na Miguu ya Mke Wangu

Kwa Muuguzi Mfawidhi,
Kliniki ya Wajawazito.

Dada Muuguzi,

Pole na kazi. Mimi ni dobi wa pale kona, mume wa yule mama wa miezi saba uliyemwona wiki mbili zilizopita kwa ajili ya mishipa ya miguu iliyovimba. Nakuandikia kwa heshima zote, ila maagizo yako yamenifika shingoni.

1. Soksi za kubana. Ulisema zivaliwe kabla hajashuka kitandani. Tumbo halimruhusu kuinama, kwa hiyo mvalishaji ni mimi. Kila asubuhi napiga magoti, navuta, natoka jasho hata chai sijanywa, na mwenye miguu anacheka tu.

2. Mito. Kwetu ipo miwili, na yote sasa imepewa miguu ili iinuke. Mimi nalalia koti. Tena ukamwambia alalie ubavu wa kushoto, na kushoto kwake ndiko niliko, basi mwanangu ananipiga mateke kabla hata hatujajuana.

3. Kusimama. Hapa ndipo penye ugomvi wetu. Ulimkataza kusimama muda mrefu, pasi nikashika mimi. Suruali ya mwalimu mkuu imetoka na mistari miwili kila mguu, akaivaa hivyo hivyo, na wanafunzi wameshampa jina la reli. Mke wangu kapiga pasi miaka tisa bila fedheha ya namna hiyo. Wala hakulalamika, zaidi ya kusema jioni kwamba miguu ni mizito, na mimi namwambia hata yangu.

4. Meza. Nasikia ulimuuliza urefu wa meza ya pasi, ukacheka. Meza ile niliichonga mwenyewe, ndefu makusudi, mtu asipate tamaa ya kukaa kazini. Wewe unataka ikatwe miguu, avute kiti. Kesho utataka na paa lishushwe.

Kwa hayo, naomba cheti kifupi kwamba mishipa imepona na mama anaruhusiwa kusimama kuanzia Jumatatu. Mhuri uonekane vizuri, maana mama mkwe amehamia kwetu kusimamia maagizo yako, na karatasi isiyo na mhuri haishiki.

Wasalimie wauguzi wote, na yule mama wa kupokea kadi mlangoni.

Wako mtiifu, mwenye kiuno kinachouma,
Dobi wa Kona

N.B. Nilimpa mke wangu barua hii anisahihishie. Hakucheka. Alisema kama ni hivyo amepona, akavua soksi, akasimama mezani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilipomkuta ameegemea ukuta nilitazama nyuma ya magoti yake, mishipa imejisokota kama kamba. Dada, miaka tisa sikuwahi kutazama. Niliogopa, na niliona aibu. Nimemkagua kama ulivyomfundisha: hakuna mguu mmoja uliovimba kuliko mwenzake, wala wenye joto au maumivu, la sivyo tungekuwa tumeshafika kwako sisi wenyewe badala ya barua. Cheti usiandike. Andika cha kumkataza kusimama hata akishajifungua, na mhuri uwe mkubwa, safari hii ni wa kumwonyesha mke wangu. Meza nimeshaikata. Imeinama kidogo upande mmoja, lakini kiti kinaingia.