Ndege ya Ngozi za Mbuzi

Jumatatu, 2 Aprili 1962

Siku kubwa! Ile ndege ndogo ya Wazungu wanaohesabu nyumbu imenasa kwenye tope uwanja wa mpira, ikabidi tuisukume. Wenzangu walisukuma. Mimi zaidi nilikagua. Nikagonga bawa kwa kidole, likalia du! Si bati. Si mbao. Ni nguo, imewambwa juu ya fito na kupakwa rangi. Kumbe miaka yote hii tunatishwa na ngoma yenye magurudumu! Na ngoma huwambwa kwa ngozi. Na mnunuzi wa ngozi hapa Karatu ni nani? Ni mimi, Hasani bin Athumani, yule ambaye Seif alimwambia juzi, mgahawani, mbele za watu, kwamba ananuka.

Seif ana lori. Ndiyo sifa yake pekee. Kwa lori hilo humletea Kuluthumu sukari kutoka Arusha, na Kuluthumu humchagulia andazi kubwa. Kuluthumu ni mjane, mwenye mgahawa, tena ni mke wangu mtarajiwa, ingawa hilo la mwisho bado sijamwambia. Nitamwambia nikishuka kutoka angani.

Jumatano, 4 Aprili

Nimemwajiri Bartolomeo seremala, fundi wa vitanda na majeneza. Nilimchorea ndege ukutani kwa mkaa. Akaitazama weee, kisha akauliza kwa upole marehemu alikuwa na mikono mirefu kiasi gani. Nikamwambia yale ni mabawa. Akasema haya, kazi ni kazi, ila injini iko wapi? Nikamjibu tai hana injini. Akanyamaza. Mtu akizidiwa na hoja hunyamaza.

Mianzi imetoka Oldeani. Magurudumu ni ya baiskeli yangu. Sasa natembea kwa miguu, lakini mtu wa angani baiskeli ya nini?

Jumamosi, 7 Aprili

Tumewamba! Ngozi mbichi za mbuzi, za Moloimet, mfugaji wa Olbalbal ambaye huniletea mzigo siku zote. Alitaka kujua kwa nini leo sizianiki juani kwanza. Nikamweleza kwamba ngozi mbichi ikikauka juu ya mti hujikaza yenyewe, ndiyo siri ya ngoma. Akasema kwao ngozi ni ya kulalia. Kisha akauliza kama haya ya kuirukia ni amri ya serikali mpya.

Jioni Kuluthumu alikuja uani na birika la chai, pua kaiziba kwa ncha ya khanga. Nikapanda kitini, nikamwonyesha usukani. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema tangu afiwe na mumewe hajacheka hivyo, na kwamba mimi ni mtu wa ajabu. Wa ajabu! Maneno yake mwenyewe! Seif hajaambiwa hivyo hata siku moja.

Jumatatu, 9 Aprili

Balaa. Jana jua lilikuwa kali, ngozi zikajikaza kweli kweli, bawa la kushoto likajikunja kama sikio la mbwa. Leo mvua imenyesha, zikalegea zote, ndege ikalala kifudifudi. Seif alipita na lori, akapunguza mwendo makusudi, akapiga honi, akauliza hao mbuzi wamefariki kwa ugonjwa gani. Mtu mzima hajibizani na dereva.

Dawa nimeipata: mafuta ya kondoo. Nimepaka ndege nzima, juu na chini. Tone la maji haliingii. Majirani wamekuja kulalamikia harufu. Nimewaambia mtaka cha mvunguni huinama, na mtaka cha angani hunuka. Hawana elimu hawa.

Alhamisi, 12 Aprili

Kuluthumu kaja asubuhi, macho mekundu. Mama yake kule Mto wa Mbu anaumwa sana, hata uji haupiti. Mvua imeharibu barabara ya mteremkoni, mabasi hayashuki. Akasema kesho alfajiri atashuka kwa miguu, ila anaiogopa ile njia ya msituni, ina nyati. Akaniuliza kesho nina shughuli gani.

Nikamwambia nina shughuli nyingi mno, na zote ni kwa ajili yake. Anipe wiki mbili tu! Nitamfikisha kwa mama yake kwa njia ya hewa, wala hatakanyaga tope. Akanitazama. Akasema, “Bwana Hasani, mama anaumwa leo.” Nikamjibu ndiyo maana nafanya haraka.

Aliondoka bila kugusa maji niliyompa. Moyo uliniuma sana kumwona akifuta machozi njiani, nikatamani kumfuata. Lakini mafuta yalikuwa yanataka mpako wa pili.

Jumamosi, 14 Aprili

Msaliti! Seif alimchukua Kuluthumu kwa lori jana. Nilishinda na hasira mpaka mchana, ndipo mchunga mbuzi mmoja akaleta habari tamu: lori limekwama kabla hata ya mteremko, tope limemeza matairi yote. Nilicheka peke yangu uani kama mwendawazimu.

Anasema Seif alifunga mlango wa lori, akavua viatu, akajitwika mzigo wa Kuluthumu kichwani, wakaendelea kwa miguu. Maskini Seif! Mwenye lori, pekupeku, na kapu kichwani! Mwanamke gani atamheshimu tena mwanamume aliyemwona katika hali hiyo? Sina haja ya kumshinda, amejimaliza mwenyewe.

Jumatatu, 16 Aprili

Siku ya kuruka. Jua limewaka. Tuliipandisha ndege kilimani, nyuma ya soko, na soko lote likatufuata. Moloimet na vijana wa kwao wakashika kamba. Mimi kitini, nimevaa koti langu la sikukuu ya Idi. Kabla sijasema vuta, nikaona tumbusi mmoja anazunguka juu yangu. Nikapaza sauti: ndege njema hiyo! Mwenzetu amekuja kutulaki!

Akaja wa pili. Wakaja wengi. Nadhani Ngorongoro nzima haikubaki na tumbusi. Kisha wakashuka.

Niandike nini? Ndege wameila ndege. Walianzia mkiani, wakaja bawa la kulia, mimi bado nimo ndani nawapiga kwa kofia na kuwatolea kila neno nilijualo. Moloimet alisema ameona mizoga mingi maishani mwake, lakini hajawahi kuona mzoga unaotukana. Watu waligaagaa chini kwa kicheko. Bartolomeo naye, ambaye nilimlipa!

Nimelia. Sioni haya kuandika. Nimelia kwa sababu nilitaka Kuluthumu aone, naye hakuwapo. Halafu nikashukuru kwamba hakuwapo. Halafu nikalia tena.

Ijumaa, 20 Aprili

Wamerudi. Mama amepata nafuu, anakula. Kuluthumu alikuja mwenyewe kuniambia kabla sijasikia mtaani. Seif ndiye aliyembeba mama mgongoni, wakavuka maji hadi zahanati, na mama alipofumbua macho akauliza huyu ni mkwe wangu? Hakuna aliyekana. Ndoa ni Ijumaa ijayo.

Kisha akasema jambo jingine, akiwa ameinamia vidole vyake. Kwamba asubuhi ile hakuwa hata amemfikiria Seif. Alikuja kwangu kwanza. Kama ningesema twende, tungekwenda, na mama angeuliza lile lile.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo: kwa hiyo tatizo lilikuwa muda tu? Akajifunga khanga vizuri, akaniaga, akaenda zake.

Chakula kimenishinda. Nimeyapima maneno yake mbele na nyuma, na sasa naona wazi nilipokosea. Wiki mbili zilikuwa nyingi. Ningemwambia siku kumi.

Ijumaa, 27 Aprili

Harusi imefanyika. Nilikwenda, watu wangesema nini? Pilau ilikuwa nzuri, hilo lazima nikiri. Seif bado anachechemea kwa ile safari ya pekupeku, na alinikumbatia kama ndugu. Nilimwacha anikumbatie.

Mafahali wawili wamechinjwa. Nilikuwapo tangu kisu cha kwanza, nikisimamia wachunaji wasiharibu kitu. Kwa maana kosa la ile ndege nimelijua: ngozi ya mbuzi ni nyembamba mno, mdomo wa tumbusi unapita. Ya fahali haupiti! Bartolomeo, mdomo umejaa nyama, akauliza na uzito je? Nikamwambia uzito ni habari ya injini, na injini ni jambo la baadaye.

Wageni walipopungua nilimkuta Kuluthumu mlangoni anaagana na wanawake. Hina mkononi, uso unang'aa. Nikampongeza. Nikamwomba zile ngozi mbili. Machozi yakamlengalenga, akasema, “Chukua, Hasani. Chukua zote.”

Maskini mwanamke! Bado inamuuma kwamba hakungoja. Nikamtuliza. Nikamwambia asihuzunike, mama akiugua tena nitampeleka mimi, ila Seif itabidi abaki, ni mzito.

Nimezibeba mwenyewe begani hadi nyumbani. Kubwa, safi, hazina tundu hata moja. Kesho naziwamba zingali mbichi.