Mlango wa Kale wa Nether Clavey na Kiti cha Mume Wangu

Kwa Afisa wa Majengo ya Kale,

Mheshimiwa Bwana Lidgate,

Natumai u mzima, na kwamba nyumba unayoishi wewe ina mlango unaopitika. Mimi ni Hester Pobjoy wa kitongoji cha Nether Clavey: nyumba kumi na moja, kanisa moja, na pampu isiyotoa maji ila imewekewa kibao cha urithi wa kale. Kwa adabu zote naleta malalamiko yangu.

1. Mume wangu Wilfrid, tangu akatwe mguu, anatumia kiti cha magurudumu. Kiti kimeuzidi upana mlango wetu wa mbele kwa vidole vinne. Tuliomba kuupanua. Ukaja, ukaupapasa kama mkunga, ukasema, "Bibi Pobjoy, mlango huu una miaka mia nne. Hauguswi!" Wilfrid, mwenye miaka themanini na mmoja, hukumpa hata mkono.

2. Hajatoka nje tangu Pasaka. Maharage yake yanakauka, naye habari zao anazipata kwangu tu. Kila asubuhi ananililia: "Hester, nitoe bwana! Kwani nimekuwa kuku anayeatamia?" Jamani, inaniuma.

3. Mlango wa nyuma nao mmetukataza kuupanua, eti kizingiti chake ni historia. Banda la nguruwe ni historia. Hata choo cha uani, alichokijenga baba mkwe wangu akiwa amelewa chakari, kina kibao.

4. Basi, kwa kuwa cha kale hakiachwi kiharibike, naomba Wilfrid naye aandikishwe katika orodha yenu ya majengo ya kale. Amezaliwa humu, ana nyufa, anavuja, na hajawahi kupakwa rangi mpya. Akishaandikishwa mtalazimika kumtunza, na atakayemzuia kufika kwenye maharage yake ashtakiwe.

Nisalimie mkeo, wenzako wa ofisini, na yule binti aliyepima choo.

Wako, mwenye subira inayokwisha,

Hester Pobjoy
Mwenyekiti, Chama cha Historia cha Nether Clavey (wanachama watatu)

Tanbihi: Nimemsomea Wilfrid barua hii, akacheka hadi akakohoa. Eti mlango ule wa mbele aliutengeneza mwenyewe mwaka tuliooana, kwa mbao za ghala lililoanguka, na ule mwaka 1612 ulioandikwa juu yake aliuchonga kwa msumari baada ya kunywa pombe ya matufaha. "Lete shoka, mke wangu, tutoke!" anasema. Bwana Lidgate, mlango huo uko ukurasa wa kwanza wa kijitabu changu cha historia. Wageni wameupiga picha miaka hamsini. Tafadhali ichane barua hii. Mlango ni wa kale. Wilfrid atapitia dirishani.